Magari kuukuu ya zimamoto yanavyopata kazi mpya vitani Ukraine

MACHI 2022, wiki chache tu baada ya Urusi kuivamia Ukraine, msafara wa magari zaidi ya 20 uliondoka mji wa Ashford, kusini-mashariki mwa Uingereza. Hayakuwa magari ya kijeshi. Yalikuwa magari ya zimamoto yaliyokwisha kuondolewa kazini na vikosi mbalimbali vya nchi hiyo, pamoja na malori ya mizigo, na ndani yake mlikuwa mmesheheni mipira ya maji, ngazi, kofia, jaketi, buti, majenereta na mashine za kukatia vyuma.

Walioketi kwenye usukani hawakuwa madereva wa kukodiwa. Walikuwa wazimamoto waliotumia siku zao za mapumziko, na wengine wastaafu, waliojitolea kuendesha magari hayo hadi Poland ili yakabidhiwe wenzao wa Ukraine.

Shughuli hiyo iliandaliwa na FIRE AID, muungano wa mashirika ya Uingereza yanayopeleka vifaa na mafunzo ya zimamoto ng'ambo, kwa ushirikiano na Baraza la Wakuu wa Zimamoto la nchi hiyo. Misafara mingine imefuata tangu wakati huo, na kufikia mwaka wa 2025 magari yaliyofikishwa kwa njia hiyo pekee yalikuwa yamepita 100.

Uingereza haikuwa peke yake. Huko Edmonton, nchini Kanada, wazimamoto wa kundi la Firefighter Aid Ukraine walikuwa wakikusanya vifaa hata kabla ya uvamizi wa 2022, tangu miaka ya vita vya Donbas vilivyozuka mwaka wa 2014.

Misaada mingi zaidi imetoka kwa majirani, na hasa vijijini. Poland ina zaidi ya vikosi 16,000 vya zimamoto vya kujitolea, na nchini Ujerumani wazimamoto wa kujitolea wanakaribia milioni moja. Hawa ni walimu, wakulima na mafundi ambao huacha shughuli zao king'ora kinapolia. Kijiji kinaponunua gari jipya, lile la zamani hubaki kituoni bila kazi, na ndilo ambalo mara nyingi limevushwa mpaka kuelekea mashariki.

Kwa mtazamaji wa mbali, jambo hili laonekana rahisi: aliye na ziada humpa asiye nacho. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi ya wanaojitolea si ukarimu wala si udereva. Ni kuhakikisha kwamba kifaa kilichotoka Kent au Bavaria kitaweza kufanya kazi Kharkiv usiku ule kitakapohitajika. Hapo ndipo mambo huwa magumu.

Idara iliyolemewa

Nchini Ukraine, kazi ya kuzima moto na kuokoa watu huendeshwa na Idara ya Taifa ya Huduma za Dharura, inayojulikana kwa kifupi kama DSNS. Ni idara yenye majukumu mapana. Maafisa wake huzima moto, huchimbua watu kutoka kwenye vifusi, huwaokoa waliozingirwa na mafuriko, na pia hutegua mabomu ambayo hayajalipuka.

Kabla ya vita, vituo vingi vya idara hiyo, hususan katika miji midogo na vijijini, vilikuwa vikitegemea magari ya ZIL yaliyobuniwa enzi za Muungano wa Sovieti. Ni magari magumu na rahisi kutengeneza, lakini ni mazee, yanakunywa petroli kwa wingi na hayana nafasi ya vifaa vya kisasa vya uokoaji.

Vita vilipoanza Februari 24, 2022, idara hiyo ilijikuta ikipoteza vifaa huku kazi ikiongezeka. Vituo vilishambuliwa, magari yakateketea, mengine yakaachwa katika maeneo yaliyotekwa. Kufikia 2025, maafisa waliouawa tangu uvamizi huo kuanza walikuwa wamezidi 100, na waliojeruhiwa walikuwa mamia.

Moto wenyewe pia ulibadilika. Siku za amani, kikosi huitwa kwenye nyumba moja au ghala moja. Vitani, kombora moja laweza kuwasha jengo la makao, kupasua bomba la gesi, kukata umeme na kuvunja mabomba ya maji ya mtaa mzima kwa wakati mmoja. Mei 25, 2024, mabomu yalipoangukia duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini Kharkiv likiwa na wanunuzi ndani, moto ulienea eneo la zaidi ya mita mraba 10,000. Hakuna kituo kimoja kinachoweza kuukabili moto wa kiasi hicho.

Mbona magari hayo yaliondolewa kazini?

Ni kawaida mtu kujiuliza: ikiwa gari halifai tena Uingereza, litafaaje vitani?

Jibu ni kwamba vikosi vya Ulaya Magharibi havingoji gari life ndipo viliondoe. Gari la zimamoto huko hutumika kwa takriban miaka 12 hadi 15 kisha hubadilishwa, kwa sababu sheria za moshi zimebadilika, vipuri vimekuwa ghali, au utaratibu wa ununuzi unasema hivyo. Mara nyingi limetembea kilomita chache likilinganishwa na lori la biashara, na limetunzwa na mafundi wake kila wiki. Pampu yake ingali na nguvu.

Mavazi nayo yana hesabu yake. Kiwango kinachofuatwa Marekani huagiza kwamba jaketi na suruali za kuzimia moto ziondolewe kazini miaka 10 baada ya kutengenezwa, hata zikiwa hazina tundu. Sababu ni kwamba nguo hizo zina matabaka kadhaa, moja la kuhimili mwako, moja la kuzuia maji na jingine la kukinga joto, na matabaka ya ndani yaweza kudhoofika bila jicho kuona.

Hapa pana swali la dhamira ambalo wakusanyaji hawawezi kulikwepa. Je, ni haki kumpelekea mzimamoto wa Ukraine vazi ambalo mwenzake wa Marekani amekatazwa kulivaa? Wanaotetea husema jaketi la miaka 11 ni bora kuliko koti la kawaida la baridi. Wanaopinga husema moto haujui uraia. Mashirika makini hukata shauri kwa kukagua vazi moja moja, kutupa lililopasuka au kunuka kemikali, na kutenga yale ya mazoezi na yale ya kuingilia motoni. Ni kazi ya siku nyingi ghalani, na hakuna kamera inayokuja kuipiga picha.

Viungio visivyolingana

Tatizo linaloudhi zaidi ni dogo kiasi cha kutoshea kiganjani. Ni kiungio cha mpira wa maji.

Mpira wa zimamoto haufungwi kwa kamba. Kila ncha ina kiungio cha chuma kinachoshikana na mwenzake, au na pampu, au na bomba la barabarani. Iwapo viungio havilingani, gari lenye pampu ya kisasa na mpira mrefu ni sawa na mtungi uliozibwa mdomo.

Ulaya haina kiungio kimoja. Ujerumani, Poland na nchi nyingi za bara hilo hutumia kiungio cha Storz, kilichobuniwa na mhandisi Guido Storz katika karne ya 19. Uzuri wake ni kwamba hakina dume wala jike. Ncha mbili zozote za ukubwa mmoja hukutanishwa, zikazungushwa kidogo, zikafungana. Mzimamoto anayefanya kazi gizani hana haja ya kupapasa kujua ameshika ncha ipi.

Waingereza wana mtindo wao. Kiungio chao kina dume na jike, na dume husukumwa ndani ya jike hadi mtego wake unapodata. Hufungwa kwa kufumba na kufumbua, lakini hakiwezi kabisa kushikana na Storz.

Ukraine, kwa upande wake, ilirithi kiungio cha Kisovieti kiitwacho Bogdanov. Nacho hakina dume wala jike na huzungushwa kama Storz, ila vipimo vyake ni tofauti. Mipira ya huko ina vipenyo vya milimita 51, 66 na 77, wakati ya Uingereza ni ya milimita 45 na 70.

Basi fikiria kikosi kimepokea gari kutoka Uingereza, jingine kutoka Ujerumani, na bado kina ZIL yake ya zamani. Magari matatu yamefika kwenye moto mmoja, na mipira yao haiwezi kuungana. La Uingereza limeishiwa maji, la Ujerumani lingali nayo, na hakuna njia ya kuyahamisha.

Dawa yake ni kiungio cha kati, yaani kipande cha chuma chenye mtindo mmoja upande huu na mtindo wa pili upande ule. Si kitu cha ajabu na mafundi wenye karakana nzuri huweza kukichonga. Lakini lazima mtu akikumbuke kabla gari halijaondoka, na lazima viwe vingi, kwa maana gari moja la zimamoto lina matundu kadhaa ya kuingiza na kutoa maji, na viungio vidogo ni vyepesi kupotea matopeni usiku. Gari lililopelekwa bila viungio hivyo ni zawadi nusu.

Vivyo hivyo kwa maji ya barabarani. Chemchemi za zimamoto nchini Ukraine ziko chini ya ardhi na hufunguliwa kwa nguzo maalumu ya chuma. Nguzo iliyomo ndani ya gari la Uingereza haiingii humo. Lazima ya Ukraine iongezwe.

Na hata chemchemi zenyewe huenda hazina maji. Mji wa Mykolaiv ulipoteza bomba lake kuu la maji kutokana na mapigano mwezi Aprili 2022. Gari la kawaida la Uingereza hubeba takriban lita 1,800 tu, kwa kuwa lilibuniwa kwa miji yenye maji kila kona. ZIL ile kuukuu, pamoja na kasoro zake zote, hubeba takriban lita 2,400. Hii ndiyo sababu malori ya matangi ya maji huthaminiwa sana, ingawa hayapendezi machoni kama gari lenye ngazi ndefu na taa za buluu.

Hewa ya nusu saa

Kifaa kingine kinachohitaji hesabu ya mbele ni mtungi wa hewa ambao mzimamoto hubeba mgongoni anapoingia penye moshi.

Mtungi wa kawaida wa lita 6.8, ukijazwa kwa shinikizo la bar 300, hubeba kiasi cha lita 2,000 za hewa. Mtu anayefanya kazi nzito huvuta lita 40 hadi 50 kwa dakika. Ukitoa akiba ya kutokea, anabaki na nusu saa hivi, na pungufu ya hapo akiwa na hofu au akipanda ngazi.

Baada ya hapo mtungi ni mzigo mtupu, hadi ujazwe tena kwa kompresa maalumu inayochuja hewa. Kwa hivyo, kutoa mitungi 50 bila kompresa ni kutoa nusu saa 50, kisha basi. Fauka ya hayo, mitungi hutakiwa kupimwa nguvu kila baada ya miaka kadhaa, na barakoa za kampuni moja haziingiliani na mitambo ya kampuni nyingine. Seti kumi zinazofanana zina faida kubwa kuliko seti 30 za kampuni sita.

Chini ya kifusi

Januari 14, 2023, kombora liligonga jengo la makao la orofa tisa mjini Dnipro. Sehemu nzima ya jengo iliporomoka. Shughuli ya kutafuta watu iliendelea usiku na mchana kwa zaidi ya saa 60, kwenye baridi kali, na idadi ya waliokufa ilifikia 46.

Katika kazi ya namna hiyo, maji si kitu cha kwanza. Kinachotakiwa ni mashine za kukata na kupanua vyuma kwa nguvu ya mafuta au betri, mito ya mpira inayojazwa hewa ili kuinua bamba la zege, magogo na nguzo za kuzuia ukuta usianguke, taa, na majenereta ya kuziwasha.

Pia panahitajika ukimya. Kila baada ya muda fulani mitambo yote huzimwa, watu husimama pasi na kusema neno, na waokoaji husikiliza kama pana sauti au mgongo wa ukuta unaogongwa. Vipo vifaa vya kusikilizia mitetemo ndani ya zege, na kamera zinazoona joto la mwili penye moshi na giza.

Kamera hizo huwatia wanaojitolea katika shida nyingine. Kifaa kinachoweza kumwona mtoto ndani ya moshi chaweza pia kumwona askari ndani ya kichaka. Kwa sababu hiyo, baadhi ya kamera za joto zimo katika orodha ya bidhaa zinazohitaji kibali cha serikali kabla ya kusafirishwa nje. Fulana za kuzuia risasi na vipande vya mabomu nazo zina masharti hayo hayo, japo anayezivaa ni mzimamoto. Anayedhani atazificha chini ya mipira ya maji na kuvuka mpaka aweza kuusimamisha msafara mzima forodhani.

Barabarani

Kutoka bandari ya Calais nchini Ufaransa hadi Rzeszów, mji wa kusini-mashariki mwa Poland ambao umekuwa kituo kikuu cha misaada ya Ukraine, ni karibu kilomita 1,700. Kwa gari dogo hiyo ni safari ya siku mbili. Kwa msafara wa magari mazito ya zimamoto, yanayokwenda polepole na kungojana kila penye kituo cha dizeli, ni siku tatu au nne.

Gari la zimamoto halikuundwa kwa safari ndefu. Viti vyake vimenyooka, injini inanguruma karibu na masikio, na tangi lake la mafuta lilikusudiwa safari za mjini. Kwa hivyo msafara huwa na mafundi wake na gari la kubeba vipuri. Moja likiharibika nchini Ujerumani, uamuzi ni mmoja kati ya miwili: litengenezwe pale kando ya barabara, au lifungwe kwenye lori na kubebwa.

Tangu Januari 2021, Uingereza imekuwa nje ya soko la pamoja la Muungano wa Ulaya, na hati za forodha ni sharti. Kila gari na kila sanduku lazima liorodheshwe: ni kitu gani, kina uzito gani, thamani yake ni ngapi, kinatoka kwa nani na kinaenda kwa nani. Kofia 300 zilizotupwa ndani ya gari kwa furaha ya kutoa zitashushwa zihesabiwe upya ikiwa karatasi inasema 280. Hata mitungi ya hewa, ikiwa imejazwa, huhesabiwa mizigo ya hatari na ina kanuni zake za barabarani.

Wengi wa waliojitolea Uingereza hawavuki mpaka wa Ukraine. Makabidhiano hufanyiwa Poland. Sababu mojawapo ni bima, kwa kuwa kampuni chache hukubali kulibebea hatari gari la raia ndani ya nchi iliyo vitani. Nyingine ni kwamba msafara mrefu wa magari ya zimamoto ni shabaha inayoonekana kutoka angani.

Basi madereva wa Ukraine ndio huja kuyachukua. Hili nalo si jambo jepesi, kwani tangu sheria ya kijeshi ilipotangazwa Februari 2022 wanaume wa umri wa kupigana wamewekewa vikwazo vya kutoka nchini, na hata mzimamoto huhitaji kibali maalumu kufika upande wa pili wa mpaka.

Wanapokutana, muda wa kufundishana huwa mfupi, wakati mwingine siku moja au mbili. Kinachofundishwa ni pampu, ngazi, mashine za kukatia na mahali kila kitu kilipo. Lugha si moja, lakini pampu ni pampu, na mikono huelewana. Vitambulisho vya Kiingereza kwenye swichi hubandikiwa maandishi ya Kiukreni.

Halafu kuna usukani. Magari ya Uingereza, sawa na ya hapa Kenya, yana usukani upande wa kulia kwa kuwa huendeshwa kushoto mwa barabara. Ukraine huendesha kulia. Dereva aliyezoea ZIL hujikuta ameketi ukingoni mwa barabara, akitegemea mwenzake aliye kiti cha pili amwambie iwapo njia ni wazi ya kupita lori lililo mbele. Kwa gari linalokimbilia moto, hilo si jambo la kucheka.

Kombora la pili

Yote hayo ni matatizo ya chuma na karatasi, na yana ufumbuzi. Lipo lisilo na ufumbuzi wa namna hiyo.

Agosti 7, 2023, kombora lilipiga katikati ya mji wa Pokrovsk, mkoani Donetsk. Waokoaji walifika na kuanza kazi. Takriban dakika 40 baadaye kombora la pili likaanguka pale pale. Naibu mkuu wa idara ya dharura ya mkoa huo alikuwa miongoni mwa waliouawa, na maafisa wengi walijeruhiwa.

Machi 15, 2024, mjini Odesa, hali ilikuwa hiyo hiyo. Zaidi ya watu 20 waliuawa, wakiwemo waliokuwa wamekuja kuwasaidia wahasiriwa wa kombora la kwanza. Wiki tatu baadaye, Aprili 4, waokoaji watatu waliuawa mjini Kharkiv na shambulio la pili la ndege zisizo na rubani walipokuwa wakishughulikia lile la kwanza.

Sheria ya kimataifa haiko kimya kuhusu jambo hili. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka wa 1977, inawalinda wafanyakazi wa ulinzi wa raia pamoja na majengo na vifaa vyao, na imewawekea alama yao: pembetatu ya buluu juu ya rangi ya machungwa. Ulinzi huo unayahusu hata mashirika ya ulinzi wa raia ya nchi zisizo vitani yanayokuja kusaidia. Urusi na Ukraine zote mbili zimo katika itifaki hiyo. Hilo halikuwazuia waliofyatua kombora la pili.

Athari yake kwa kazi ni nzito. Mkuu wa kikosi aliyefika penye moto hupokea onyo la angani, na ni lazima achague. Akiwaondoa watu wake, aliyenaswa chini ya zege huenda akakata roho ndani ya dakika hizo. Akiwaacha, huenda akawapoteza wote. Pengine huwagawa, wachache wakabaki kazini na wengine wakangoja mbali, na magari hayapangwi tena mahali pamoja kama zamani.

Kwa wanaojitolea, hii imebadilisha maana ya vifaa vya zimamoto. Fulana na kofia za kuzuia vipande vya mabomu, ambazo mzimamoto wa London hajawahi kuziota, zimekuwa vifaa vya kawaida. Huvaliwa juu ya jaketi zito la moto, chini ya mtungi wa hewa, na uzito wote huo hupanda ngazi pamoja na aliyeuvaa. Karibu na mstari wa mapigano, ambako ndege ndogo zisizo na rubani huwinda magari barabarani, vikosi huhitaji pia vifaa vya kuzitambua mapema.

Nani aandike orodha?

Kuna wanaouliza iwapo isingekuwa heri kutuma fedha, Ukraine ikanunua magari mapya ya aina moja. Hoja hiyo ina nguvu. Fundi wa Ukraine leo anaweza kupata uani mwake Scania, Volvo, Mercedes na ZIL, kila moja na vipuri vyake, na kila moja na kitabu cha lugha yake. Mtu yeyote aliyewahi kufungua marobota ya mitumba anajua kwamba si kila anachoondoa mwenye nacho humfaa anayepokea.

Lakini gari jipya la zimamoto halikai dukani likingoja mnunuzi. Huundwa kwa agizo, na huchukua miezi mingi. Jengo lililopigwa usiku wa leo halina miezi hiyo. Hivyo basi hoja yenye uzito zaidi si fedha au vifaa, bali ni nani anayeandika orodha. Misafara iliyofaa zaidi ni ile iliyoanza kwa barua kutoka Ukraine ikitaja vitu na idadi yake, kisha wafadhili wakavitafuta hivyo na wakayakataa kwa heshima yasiyoombwa.

Nayo mahitaji hayakukaa yalivyokuwa. Mapema 2022 karibu kila kitu kilihitajika. Mitambo ya umeme ilipoanza kulengwa kwa wingi Oktoba mwaka huo, majenereta na taa vikapanda juu. Bwawa la Kakhovka lilipobomoka Juni 6, 2023 na kuzamisha vijiji vya mkoa wa Kherson, mashua na pampu za kunyonya maji zikawa za lazima kwa haraka. Baadaye zikaja fulana, matangi ya maji na mashine nzito za kuondolea vifusi.

Makabidhiano yakiisha, wanaojitolea hurudi kwao wakiwa mikono mitupu, kwa ndege au kwa basi, na Jumatatu wengine huripoti kazini kwenye vituo vyao. Magari yao ya zamani huendelea mashariki na madereva wapya. Mengi hayapakwi rangi upya. Yangali na michoro yake ya Uingereza ubavuni, na nyuma ya kiti cha dereva mna sanduku la viungio vya kati, iwapo kuna aliyekumbuka kuliweka.